Kibaba na Mizani: Mashahidi Wawili

Katika kila nyumba mna chombo cha kupimia. Pengine ni kibaba cha mti alichorithi mama kwa mama yake, pengine ni kopo, pengine ni debe lililokuwa la mafuta. Chombo hiki twakitumia kila siku bila kukifikiri, wala hatukumbuki ya kuwa kina historia ndefu, na ya kuwa kwa ajili ya vyombo kama hivi maskini wamedhulumiwa, manabii wamelia, na watu wa nchi kubwa wameinuka kudai haki. Katika kurasa hizi twataka kueleza habari za kipimo cha ukubwa na kipimo cha uzito, jinsi wanadamu walivyovitumia, na kwa sababu gani mtu ashikaye kimoja na kukisahau kingine hudanganywa upesi.

Na tuanze na pwani yetu. Zamani, kabla ya kuja kwa lita na kilo, nafaka ilipimwa kwa chombo, si kwa mizani. Kipimo kidogo kilikuwa kibaba. Vibaba viwili vilifanya kisaga kimoja, na visaga viwili, yaani vibaba vinne, vilifanya pishi moja. Kibaba cha nafaka kilipata karibu ratili moja na nusu, yaani gramu 680 hivi kwa hesabu ya siku hizi, na pishi ilipata karibu ratili sita. Misafara iliyokwenda bara katika karne ya 19 iliwapa wapagazi posho ya kibaba kimoja cha nafaka, kila mtu kwa siku. Basi fikirini: mtu aliyechukua mzigo wa karibu frasila mbili tangu alfajiri, nguvu zake zote za kesho zilikuwa ndani ya chombo kile kidogo. Aliyeshika kibaba alishika uhai wa mwenzake.

Tena palikuwa na namna mbili za kukijaza. Kibaba cha tele kilijazwa hata nafaka ikafanya kichuguu juu ya mdomo wa chombo. Kibaba cha mfuto kilipanguswa kwa mkono au kwa kijiti, hata nafaka ikawa sawasawa na ukingo. Chombo ni kile kile, jina ni lile lile, walakini aliyepewa tele amepata zaidi ya aliyepewa mfuto. Kwa hiyo mtu mwenye busara aliuliza kwanza, kabla nafaka haijaguswa: Je, ni tele au ni mfuto? Asiyeuliza alijuta baadaye.

Lakini mali iliyokwenda ng'ambo, kama pembe za ndovu, sandarusi na karafuu, haikupimwa kwa kibaba. Hiyo ilitiwa katika mizani, na hesabu yake ilikuwa nyingine. Wakia moja ilikuwa uzito wa riali moja ya fedha, ile riali yenye sura ya Maria Theresa, malkia wa Austria, na mwaka wa 1780, ambayo wafanya biashara wa Unguja na Arabuni waliiamini kuliko fedha nyingine. Wakia 16 zilifanya ratili moja, ratili tatu zilifanya mani moja, na mani 12 zilifanya frasila. Riali ile ina uzito wa gramu 28 na kidogo. Basi mwanafunzi akizidisha vizuri ataona kwamba frasila ilikuwa kilo 16 hivi.

Twaona basi ya kuwa wazee wetu walikuwa na vipimo vya namna mbili. Kibaba na pishi vilipima ukubwa, yaani nafasi ambayo kitu hukaa. Mizani ilipima uzito. Mwenye mtama alijua pishi, na tajiri wa pembe alijua frasila, na namna hizi mbili zilikutana mara chache. Mlango wa udanganyifu u papo hapo, katikati ya kibaba na mizani. Na yafaa tueleze kwa nini.

Twaeni kopo moja mlijaze mchele polepole hata ukingoni, mkaupanguse. Kisha lipigeni kopo juu ya meza mara ishirini. Mtaona mchele umeshuka, na ya kuwa mwaweza kuongeza konzi nyingine. Hapana punje iliyopotea. Hapo kwanza punje zilikuwa zimekaa ovyo, na katikati yake mlikuwa na hewa. Mlipozitikisa zikakaribiana, na hewa ikatoka. Basi mpimaji mjanja akikuuzia humimina kwa utaratibu kama mtu amwekeaye mgonjwa maji. Na akinunua kwako hupiga na kutikisa na kushindilia. Chombo hakikubadilika hata kidogo. Mkono ndio uliobadilika.

Jaribuni tena jambo la pili. Kopo lile lile lijazeni chumvi kavu, kisha mchele, kisha unga uliochekechwa, na kila mara mlitie katika mizani. Lita moja ya chumvi laini hupata zaidi ya kilo moja. Lita moja ya mchele hupata gramu 800 hivi. Na lita moja ya unga wa ngano uliochekechwa yaweza kuwa karibu na nusu kilo tu. Chombo chaonyesha ukubwa sawa kwa vyote vitatu, lakini mkono utachoka mbalimbali.

Mambo haya yalijulikana sana katika nchi za Biblia. Torati ya Musa ilimkataza Mwisraeli asichukue mfukoni mawe mawili ya kupimia, moja zito na moja jepesi, wala asiweke nyumbani kwake vipimo viwili, kimoja kikubwa na kimoja kidogo. Angalieni ya kuwa sheria ilitaja mizani na chombo, vyote viwili. Mawe ya namna ile yamefukuliwa katika magofu ya nchi ya Yuda, nayo yaonyesha kwamba shekeli moja ilikuwa na uzito wa gramu 11 na kidogo. Naye nabii Amosi aliwakemea wafanya biashara waliopunguza efa na kuongeza shekeli. Wengi husoma maneno haya bila kuyaelewa. Efa ilikuwa chombo cha kupimia nafaka, na shekeli ilikuwa jiwe la kupimia fedha aliyoilipa mnunuzi. Basi maskini yule alipewa nafaka kidogo kwa chombo kilichopunguzwa, kisha akalipa fedha nyingi kwa jiwe lililoongezwa. Aliibiwa mara mbili katika biashara moja.

Tena Bwana wetu, alipotaka kueleza jinsi Mungu awapavyo watu wakarimu, alitwaa mfano wake sokoni: mpimaji ashindiliaye nafaka, akaitikisa, akaijaza hata ikamwagika. Hakuna mkulima aliyehitaji kufafanuliwa maneno yale. Kila mmoja alikuwa amewahi kurudi nyumbani na kipimo ambacho hakikushindiliwa.

Labda msomaji atasema: Basi tuache vibaba, tutumie mizani tu, na mambo yote yatakuwa sawa. Hayo yaonekana kuwa kweli, lakini historia yatufundisha kwamba hata mizani peke yake haitoshi. Katika kisiwa cha Sisilia uko mji wa Sirakusa, ule ambao Mtume Paulo alikaa siku tatu alipokuwa akipelekwa Rumi. Zaidi ya miaka 200 kabla ya Kristo aliishi huko mtu mwenye elimu kubwa aliyeitwa Archimedes, katika enzi ya mfalme Hiero. Habari zake ziliandikwa baadaye na Mrumi mmoja mjenzi, jina lake Vitruvius. Alisema ya kuwa mfalme alimpa fundi dhahabu iliyopimwa ili amfanyizie taji. Taji ilipoletwa ikapimwa kwa mizani, na uzito wake ulikuwa sawa na ule wa dhahabu iliyotolewa. Walakini watu walinong'ona kwamba fundi ameiba dhahabu na kutia fedha mahali pake. Mfalme akamwagiza Archimedes aitafute kweli bila kuivunja taji.

Archimedes alilifikiri jambo hili hata siku moja alipoingia katika birika la kuogea, akaona kadiri mwili wake ulivyozama ndivyo maji yalivyomwagika. Akatambua kwamba maji yale yaliyomwagika ndiyo kipimo cha ukubwa wa kitu kilichozama, hata kama umbo lake halipimiki kwa fimbo. Basi akatwaa bonge la dhahabu na bonge la fedha, yote mawili yenye uzito sawa na taji, akayazamisha moja moja katika chombo kilichojaa maji. Bonge la fedha lilimwaga maji mengi zaidi. Maana kilo moja ya dhahabu safi husukuma maji kiasi cha gramu 52 tu, na kilo moja ya fedha husukuma gramu 95. Alipoitia taji, ilimwaga maji mengi kuliko dhahabu safi. Hila ikafunuliwa. Archimedes mwenyewe aliuawa mwaka 212 kabla ya Kristo, Warumi walipouteka mji wake. Lakini fikira yake haikufa.

Hapa twaomba wasomaji watue kidogo. Katika shauri lile mizani haikuwa mbovu; ilisema kweli. Lakini ilikuwa shahidi mmoja tu, na mwizi alikuwa amejua namna ya kupatana naye. Ukubwa ulipoitwa kuwa shahidi wa pili, uongo haukuwa na pa kusimama. Nayo Torati yasema kwamba neno lithibitike kwa mashahidi wawili au watatu, wala si kwa mmoja. Sheria ile ilitolewa kwa ajili ya mashauri ya watu, lakini twaona yafaa hata kwa mashauri ya vitu.

Tangu hapo wenye elimu wamevipima vitu vya kila namna, kuona uzito wa kila kimoja kwa kadiri ya ukubwa wake. Maji wameyafanya kuwa msingi wa hesabu. Chuma cha jembe ni kizito karibu mara nane kuliko maji ya ukubwa ule ule; shaba karibu mara tisa; risasi zaidi ya mara 11; dhahabu zaidi ya mara 19. Jiwe gumu la kusagia ni mara mbili na nusu na zaidi. Alumini ni mara 2.7 tu, ndiyo maana sufuria za siku hizi ni nyepesi hivyo. Sufuria ya shaba, kama zile za zamani, ikiwa na ukubwa na unene ule ule, ingekuwa nzito zaidi ya mara tatu. Alumini yenyewe ilikuwa kitu cha tunu hata mwaka 1886, ndipo Charles Hall wa Marekani na Paul Héroult wa Ufaransa, kila mmoja kwa upande wake, walipogundua njia ya kuitoa kwa bei ndogo.

Vitu vilivyo vyepesi kuliko maji huelea, na vilivyo vizito huzama. Mafuta ya nazi huelea juu ya maji kwa kuwa lita moja yake ni gramu 920 hivi; mafuta ya taa ni gramu 800 hivi; bali asali huzama, maana lita moja yapata gramu 1,400. Kipande cha mninga mkavu chaelea, na kipande cha mpingo chazama kama jiwe. Nao akina mama wana jaribio lao tangu zamani: yai jipya huzama majini, na yai la zamani huelea. Sababu yake ni kwamba kaka la yai lina vitundu vidogo sana, na siku zinavyopita unyevu hutoka na hewa huingia. Ukubwa wa yai ni ule ule, uzito umepungua. Mama atiaye yai majini afanya kazi ile ile ya Archimedes, ijapokuwa hajawahi kusikia jina lake.

Sasa twende Ufaransa, tukaone jinsi kilo ilivyozaliwa. Mwaka 1789 mfalme wa Ufaransa aliwaita wajumbe wa nchi yote, na watu wa kila mahali wakaandika malalamiko yao katika madaftari. Katika madaftari yale, pamoja na habari za kodi na njaa, mlikuwa na malalamiko mengi juu ya vipimo. Kila wilaya, na pengine kila bwana mwenye ardhi, alikuwa na kipimo chake cha nafaka. Jina lilikuwa moja, bali ukubwa ulikuwa mbalimbali. Wakulima walilipa kodi ya ardhi kwa nafaka, na chombo cha kupimia kilikaa kwa bwana. Mahali pengi ugomvi ulikuwa juu ya jambo ambalo mzee yeyote wa pwani angelitambua mara moja: je, kodi ilipwe kwa kipimo cha tele au cha mfuto? Wakulima wa Ufaransa na wapagazi wa Bagamoyo hawakujuana, lakini walikuwa na kilio kimoja.

Wafaransa wakaazimu kufanya vipimo vipya, visivyo vya mfalme wala vya bwana, bali vya watu wote. Sheria ya tarehe 7 Aprili 1795 iliweka mita, lita na gramu. Na hapa ndipo ulipo uzuri wa kazi yao. Hawakuacha kipimo cha ukubwa na kipimo cha uzito vikae mbalimbali kama zamani. Waliviunganisha kwa kitu kilichomo katika mtungi wa kila nyumba, yaani maji. Lita ilikuwa ukubwa wa sanduku lenye sentimita kumi kila upande, na kilo ilikuwa uzito wa maji yaliyojaza lita ile. Antoine Lavoisier, bingwa wa elimu ya vitu, alikuwa mmoja wa wale walioanza kuyapima maji kwa uangalifu mkubwa, kabla ya kuuawa mwaka 1794 katika ghasia za mapinduzi. Mwaka 1799 kilo ya madini ya platini ilifanyizwa na kuwekwa katika nyumba ya kumbukumbu za serikali.

Msidhani kwamba watu waliipokea kwa furaha. Mazoea ni kamba ngumu. Watu walishikilia vipimo vyao vya kale, hata mwaka 1812 Napoleon akaruhusu majina ya zamani yarudi sokoni; na ilikuwa mwaka 1840 tu kilo na lita zilipokuwa lazima nchini mwote. Mwaka 1875 mataifa 17 yalitia sahihi mkataba wa mita mjini Paris, na mwaka 1889 kilo mpya ya platini na iridi ikawekwa kuwa mfano wa dunia nzima. Lakini miaka ilivyopita, mfano ule ulipolinganishwa na nakala zake, zilionekana tofauti ndogo, kiasi cha sehemu 50 za gramu moja iliyogawanywa mara milioni. Basi tangu tarehe 20 Mei 2019 kilo haitegemei tena kipande cha madini, bali hesabu ya maumbile isiyobadilika. Pamoja na hayo, kwa matumizi ya nyumbani, lita moja ya maji ingali kilo moja.

Katika nchi zetu, Waingereza walileta ratili na galani zao, na baada ya uhuru tukahamia kilo na lita. Lakini vyombo vya zamani havikufa. Vilivaa nguo mpya. Mafuta ya taa yalipoletwa kwa meli, yalikuja katika mikebe ya bati ya galani nne, yaani lita 18 na kidogo, mikebe miwili katika sanduku moja. Mafuta yakaisha, mkebe ukabaki, nao ukawa debe, mrithi wa pishi. Debe lile likijaa maji lina kilo 18. Likijaa mafuta ya taa, kilo 14 na nusu. Likijaa mahindi makavu ya mfuto, kilo 13 hivi. Likijaa asali, kilo 25 na zaidi. Nalo gunia la kilo 90, litajwalo hata leo katika hesabu za mahindi nchini Kenya, ni zile ratili 200 za zamani zilizobadilishwa jina.

Debe lina hila zake. Mnunuzi mwerevu huligonga mbavu kwa ndani likavimba. Muuzaji mwerevu huligonga kwa nje likabonyea. Lakini hila iliyo kubwa kuliko zote ni ile ya lumbesa. Gunia hujazwa hata mdomoni, kisha juu yake hushonwa kipande kingine au wavu, nao hujazwa pia, hata gunia likawa kama mtu aliyevaa kilemba. Mnunuzi hulipa bei ya gunia moja. Hiki ni nini, kama si kibaba cha tele kilichokua kikawa jitu? Tuseme gunia lilipaswa kuwa kilo 100, na kwa kilemba kile limekuwa kilo 130. Mkulima akiuza magunia kumi ametoa kilo 300 bure, yaani magunia matatu ya jasho lake na la watoto wake. Humo mlikuwa na karo na daftari, na pengine dawa ya mgonjwa.

Nchini Tanzania sheria ya vipimo yakataza lumbesa, na Wakala wa Vipimo hukagua mizani na kuziweka alama. Nchini Kenya kanuni za mwaka 2019 ziliweka kwamba gunia la viazi lisizidi kilo 50. Walakini sheria i mjini, na lori li shambani. Mkulima aliye peke yake, viazi vyake vikianza kuoza na mvua ikiharibu njia, akimwambia mnunuzi, Sikubali kilemba, mnunuzi huwasha gari na kwenda kwa jirani. Kwa hiyo hatuwezi kumlaumu mkulima yule tu. Kijiji kikinunua mizani moja, na watu wakapatana kwamba hapana auzaye ila kwa kilo, mnunuzi hana jirani wa kumkimbilia.

Lakini yafaa tuseme na upande wa pili, maana tusipousema tutakuwa tumepima kwa jiwe moja. Muuzaji naye aijua njia ya fundi wa Sirakusa. Mnunuzi akija na mizani ya haki, wako watiao mawe katikati ya gunia, na wako wauzao mahindi mabichi. Mahindi ya kuwekwa ghalani hayapasi kuwa na unyevu zaidi ya sehemu 13 na nusu katika mia. Mtu akiuza kilo 100 zenye unyevu wa sehemu 20, zikikauka vema zitabaki kilo 92 na nusu. Basi ameuza maji kilo saba na nusu kwa bei ya mahindi. Tena maji yale hayaishii kwenye hasara ya fedha, kwa kuwa mahindi mabichi huota ukungu wenye sumu, uitwao sumukuvu, nao umeua watu. Wenye mikarafuu wanajua zaidi: karafuu mbichi kilo tatu hutoa karibu kilo moja tu kavu. Hapo mizani ikikosa jicho la kutazama na mkono wa kupapasa, yadanganywa.

Na maziwa je? Lita moja ya maziwa mazuri ya ng'ombe ni gramu 1,030 hivi. Mtu akitia lita moja ya maji katika lita tisa za maziwa, kila lita ya mchanganyiko itakuwa gramu 1,027. Tofauti ni ndogo, lakini kiko kipimo cha kioo kielea­cho katika maziwa, chenye alama shingoni, nacho huzama zaidi maziwa yakiwa na maji. Walakini mwizi hodari hutoa kwanza malai, ambayo ni mepesi, na hapo maziwa yaliyobaki huwa mazito kidogo. Kisha hutia maji, na uzito hurudi pale pale ulipokuwa. Wizi mmoja wauficha wizi mwingine, na kipimo chasema, Ni mazuri. Basi hapo ahitajiwa shahidi wa tatu, naye ni ulimi wa mtoto anywaye, au mashine ya kupima mafuta yaliyomo. Historia hii yote yatuonyesha kwamba kila chombo kipya cha haki hupata upesi mwanafunzi mpya wa hila. Vipimo humsaidia mtu wa kweli. Havimfanyi mtu kuwa wa kweli.

Hata hivyo twaweza kufanya jambo moja leo, bila fedha wala fundi. Wale Wafaransa walipoiunganisha kilo na maji, walimpa kila mwanakijiji jiwe la kupimia lisiloweza kufichwa na mtu. Mkiishuku mizani ya duka, twaeni chombo chepesi mkakipime kikiwa kitupu, kisha mtie ndani yake maji lita moja kamili, mkakipime tena. Tofauti ya vipimo hivi viwili yapaswa kuwa kilo moja. Ikipungua, au ikizidi, mizani ile ina neno la kujibu. Fanyeni kwa upole na mbele ya watu, maana pengine mwenye duka mwenyewe hajui kwamba mizani yake imechoka.

Kisha tukirudi nyumbani tulitazame na debe letu wenyewe, lile tupimialo jirani akija kununua, na lile tupimialo sadaka ya mavuno. Kama ni moja, vema. Kama tumelipangusa mfuto kwa ajili ya kanisa na kulishindilia tele tulipokuwa tukinunua kwa mjane, basi hatuhitaji Archimedes wala Wakala wa Vipimo kutuambia neno. Wazee walisema, Haba na haba hujaza kibaba. Yafaa kuongeza ya kuwa haba na haba pia hukitoboa.